Tupeane uzoefu: mtoto mdogo na kuhesabu hela nyumbani

Mtoto anahesabu moja mpaka hamsini bila kukosea, lakini ukimwekea sarafu tatu za mia anajibu "tatu". Anahesabu vipande, si thamani. Mnamvushaje hapo? Tajeni na umri.

—

Miaka minne aanze na kuchambua, kuhesabu baadaye. Osha sarafu kwa sabuni, weka vibakuli vinne vya sarafu za Tanzania: 50, 100, 200, 500. Ya 50 ina pembe saba, ataijua hata akifumba macho. Ya 500 ina nyati. Kama kuna mdogo wake chini ya miaka mitatu, hesabuni mezani na mzitoe zote mkimaliza, maana zinamezwa.

Kisha kaeni na za mia peke yake, hata wiki nzima. Chora duara kumi kwenye kadibodi, kila duara sarafu moja: mia, mia mbili, mia tatu... Zikijaa, anakupa zote kumi, unampa noti ya elfu moja. Atalalamika kwamba umempunja, kumi kwa moja! Mwache airudishe noti, achukue kumi zake, abadilishe tena. Noti ya mchezo iandikeni kwa mkono, maana kutoa kopi ya noti halisi ni kujitafutia kesi.

—

Zikichanganyika, kubwa itangulie. Kwa 500, 200, 200 na 100 anasema: mia tano, mia saba, mia tisa, elfu. Wengi huteleza mwishoni, wanasema "mia kumi na moja", kwa sababu ulimi umeshazoea kuruka mbili mbili. Acha upana wa kiganja kabla ya sarafu ya mia, atue hapo kwanza.

—

Chenji ndiyo ngumu. Chumvi 700, mteja katoa 1,000. Mtoto anaweka sarafu ya kwanza huku akisema "mia saba", halafu mia nane, mia tisa, elfu. Zimetoka nne, duka limepata hasara ya mia. Kosa ni kuihesabu bei kama sarafu. Dawa yake: "mia saba" aiseme akiwa ameshika pakiti ya chumvi, aiweke mezani, ndipo mkono uende kwenye hela: mia nane, mia tisa, elfu. Tatu. Kutoa msimfundishe sasa, hii inatosha mpaka darasa la pili.

—

Huku Kenya hiyo ya kutambua kwa picha haifiki mbali. Sarafu za 2018 zina wanyama, za zamani zina sura za marais, na zote zinatumika. Ya 20 yenye tembo na ya 20 isiyo na tembo ni sawa tu. Asome namba.

—

Na lugha ya dukani huku Tanzania msiisahau. Anajua mia tano vizuri, muuzaji akisema "jero" anabaki kumtolea macho. Jero 500, buku 1,000, buku jero 1,500.