Mjadala: Kompyuta ya steshenari ifungue maandishi ya mteja aliyetangulia?

Mwanzisha mada: Wakuu, tulijadili hili kwa uzito wake. Ukienda steshenari ya Mwenge, Sinza au Kariakoo hapa Dar es Salaam kuomba mkopo wa chuo au kazi serikalini, mhudumu hufungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia inayokuja na Windows, apate pa kubandika namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ya simu, mara nyingine hata nywila. Zamani Notepad ilikuja na ukurasa mtupu. Tangu 2023, ile ya Windows 11 hurudisha yote yaliyoachwa wazi, hata yasiyohifadhiwa wala kupewa jina. Notepad++, programu nyingine ya kuandikia, nayo, usipoigusa mipangilio yake, hujiwekea nakala kila sekunde 7 na kuirudisha ukiiwasha tena. Basi mteja wa saa tano anasoma ya mteja wa saa nne.

Msimamo wangu: kompyuta ya watu wengi ianze na ukurasa mtupu, na jukumu la kuipanga hivyo ni la mwenye duka. Kwenye Notepad unaingia kwenye mipangilio, unachagua ianze upya. Kwenye Notepad++ unafungua Preferences, kisha Backup, unaondoa alama ya kukumbuka kikao kilichopita. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya NIDA ni taarifa binafsi hata ikikaa kwenye faili lisilo na jina.

Mwenye steshenari, Sinza: Kaka, na umeme je? Kijana wangu yuko katikati ya barua ya mteja, umeme unakatika, kompyuta ya mezani haina betri. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya kila mashine nitainunua kwa faida ipi ya kutoa kopi? Huko kurudisha ndiko kunakoniokoa. Mhudumu afunge mteja akiondoka, yaishe.

Mwanzisha mada: Dada, hoja ya umeme ni nzito, ila kuokoa kazi na kumwonyesha mteja anayefuata ni mambo mawili. Kuna programu za kuandikia kama Vim na Emacs. Vim huanza tupu, lakini chini kwa chini huandika faili la akiba. Umeme ukirudi, ukafungua faili lilelile, inakuuliza kama uokoe. Emacs nayo huweka akiba yake, na hairudishi mpaka uiambie. Sisemi kijana wako ajifunze Vim. Alipatie faili jina na kulihifadhi kabla ya kuchapa mstari wa pili, kwenye folda ya mteja, na aendelee kubonyeza Ctrl+S.

Na hilo la kufunga ndilo linaloniogopesha zaidi. Foleni ikiwa ndefu mhudumu hufunga dirisha zima, na programu haimuulizi kitu, kwa sababu imekwisha kuyatunza maandishi.

Mwenye steshenari, Sinza: Hapo nimekuelewa. Zile kompyuta mbili za wateja nitazipanga zianze tupu leo. Ya kijana wangu naiacha ilivyo.

Mwanzisha mada: Dada, ya kijana wako ndiyo yenye namba za watu.