Ulinganisho: Vifaa vya kukusanya mafuta yaliyomwagika bahari wazi, kati ya Tanga na Pemba

MtuWaJeti

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimepewa kazi ya kuandaa mapendekezo ya seti moja ya vifaa vya kukabili umwagikaji wa mafuta, itakayokaa juu ya meli ya huduma yenye sitaha ndefu upande wa tezi. Eneo letu ni bahari iliyo wazi kuanzia nje ya ghuba ya Tanga hadi mkondo wa Pemba, na sababu ya haraka mnaijua: mafuta ghafi ya Uganda yanayokusudiwa kufika Chongoleani kwa bomba la kilomita 1,443 yatapakiwa kwenye meli kubwa papo hapo.

Mezani nina zabuni tatu. Ya kwanza ni mita 400 za bumu (uzio unaoelea wa kuzuia mafuta) la kujazwa upepo, linalokokotwa na vyombo viwili, pamoja na skima (mtambo wa kuchota mafuta juu ya maji) ya kizingiti, yaani ile ambayo mafuta humwagikia ndani kupitia ukingo wake, na ambayo muuzaji anasema inavuta mita za ujazo 250 kwa saa. Ya pili ni bumu la kasi, lile lenye umbo la mfuko unaosinyaa kuelekea nyuma, ambalo hukokotwa na chombo kimoja kikisaidiwa na ubao wa kutanua mdomo, na skima yake ni ya brashi yenye uwezo wa mita za ujazo 60 tu. Ya tatu haikusanyi chochote: ni mikono miwili ya kunyunyizia dawa ya kutawanya mafuta, pamoja na akiba ya dawa yenyewe. Wakubwa wangu wanaegemea ya kwanza kwa sababu 250 ni kubwa kuliko 60. Naomba hoja, si matangazo ya biashara.

Fundi_Pampu

Ndugu MtuWaJeti, hiyo 250 iweke kando kwanza. Namba za namna hiyo hupatikana skima ikiwa ndani ya tabaka nene la mafuta kwenye bwawa la majaribio, na bahari haitakupa tabaka hilo. Chukua kalamu tupige hesabu. Bumu la kawaida likikokotwa kwa mwendo unaozidi takriban mita 0.35 kwa sekunde huanza kupitisha mafuta chini ya pazia lake. Tuseme vyombo vyako viwili vimeacha mdomo wa mita 50, na utando una unene wa milimita 0.1, jambo la kawaida kabisa mafuta yakishasambaa. Zidisha mdomo kwa mwendo kwa unene: katika saa nzima utakuwa umekutana na mita za ujazo 6.3 za mafuta. Utando ukiwa wa milimita moja, kama unavyoweza kuukuta karibu na chanzo katika saa za mwanzo, utakutana na 63. Nafasi iliyobaki hadi kufikia 250, skima yako itaijaza kwa maji ya bahari.

Bumu la kasi linahimili hadi mita 1.5 kwa sekunde. Hata mdomo wake ukiwa wa mita 20 tu, hesabu ileile ya milimita 0.1 inakupa mita za ujazo 10.8 kwa saa, tena kwa chombo kimoja badala ya viwili.

Sisemi kwamba skima kubwa ni ulaghai. Mwaka 2011, baada ya ajali ya Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta uliolipuka Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, yalifanyika mashindano katika bwawa la majaribio la Ohmsett, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambako kampuni ya Elastec ilijinyakulia dola milioni moja kwa mtambo wa sahani zenye mifereji uliokusanya galoni 4,670 kwa dakika, yaani zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa saa, na asilimia 89.5 ya ulichovuta ilikuwa mafuta. Lakini pale mafuta yalikuwa yakimwagwa mbele ya mtambo. Mwaka uliotangulia, katika Ghuba ya Meksiko yenyewe, meli A Whale yenye urefu wa zaidi ya mita 300, iliyogeuzwa kuwa skima moja kubwa, ilijaribiwa mwezi Julai ikaambulia mafuta kidogo sana, kwa kuwa mafuta yalikuwa yametapakaa mno na bahari imechafuka.

Nahodha_Kijana

Kama kikomo ni mita 0.35 kwa sekunde, basi bumu la kawaida halifai kwetu hata kidogo, maana wakati wa Kusi mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini hupita mita moja kwa sekunde. Kwa nini tusiachane nalo kabisa?

Tagi_Kilindini

Ndugu Nahodha, hapo tutofautishe bumu lililofungwa na bumu linalokokotwa. Ukilifunga kwenye nanga au kwenye jeti, mkondo wote unalipiga na hesabu yako ni sahihi. Ndiyo maana mlangoni mwa hori hulitega kwa mshazari ili mafuta yateleze kuelekea ufukwe uliochaguliwa. Lakini vyombo viwili vilivyoachia mwendo baharini huchukuliwa na maji yaleyale yanayochukua mafuta. Kinachohesabiwa ni tofauti ya mwendo kati ya bumu na maji, si kati ya bumu na nchi kavu.

Tatizo la kweli la zabuni ya kwanza ni watu na mashine. Kuendesha matagi mawili kwa mwendo huo, huku mkidumisha umbo la herufi U saa sita mfululizo, ni kazi inayochosha kuliko kukokota meli, kwa kuwa tagi nyingi hazitulii kwenye mwendo mdogo kiasi hicho. Nahodha hutia na kutoa gia bila kukoma. Ukisimama kwenye tezi na kutazama kitako cha U utajua mara moja kama mmezidisha: nyuma ya bumu huibuka vijiduara vya maji vinavyozunguka, kisha mistari ya rangi ya fedha inayorefuka. Mafuta yanapita chini kwa matone, na hakuna skima itakayoyarudisha.

Kuhusu mawimbi, wauzaji hutaja urefu tu. Wimbi refu lenye mgongo mpana bumu la upepo hulipanda na kulishuka vizuri, ila mawimbi mafupi yanayovunjika, kama yale ya alasiri Kusi ikikaza, hurusha mafuta juu ya boya hata kama urefu wake hautishi. Skima ya kizingiti katika hali hiyo hunywa maji na hewa kwa zamu, kwa sababu mdomo wake unapaswa kukaa sawasawa na uso wa mafuta. Wakati wa maleleji itakufaa. Miezi ya Juni hadi Agosti itakutia aibu.

Mkemia_wa_Pwani

Naona mjadala umekwenda kwenye vyuma kabla ya kuuliza ni mafuta gani. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na hugandia kwenye joto la takriban nyuzi 40. Ndiyo sababu bomba lile limebuniwa kupashwa joto ili mafuta yabaki karibu na nyuzi 50 njia nzima. Bahari ya Tanga ina nyuzi kati ya 25 na 30. Maana yake ni kwamba mafuta hayo yakimwagika hayatasambaa kama utando mwembamba tunaouzoea, bali yatapoa na kuwa mapande na mabonge yanayoelea, huku kati ya bonge na bonge pakiwa na maji matupu.

Hilo linapindua ulinganisho. Skima ya kizingiti itazibwa mdomo. Skima ya sahani zinazozunguka na kunasa mafuta, ambayo ni nzuri sana kwa mafuta mepesi na ya kati, haitapata cha kushika. Brashi ngumu na mikanda inayopandisha mzigo juu ndiyo inayofaa, na katika matukio ya mafuta yaliyoganda watu wametumia hata nyavu za kukokotwa juu ya maji. Na zabuni ya tatu, kwa mafuta haya, ni fedha iliyotupwa: dawa haiwezi kupenya na kuvunjavunja kitu kilichokwisha ganda.

Hata hivyo dawa isihukumiwe kwa mafuta yote. Meli zinazopita mkondo wa Pemba zimebeba pia mafuta mazito ya injini, dizeli na ghafi nyingine. Kwa ghafi nyepesi iliyo mbichi, kwenye kina kirefu na mawimbi ya kutosha kuichanganya, dawa kwa kipimo cha takriban sehemu moja kwa ishirini inaweza kufanya kazi ambayo hakuna skima itakayoifikia, mradi iwahi kabla mafuta hayajanyonya maji na kuwa uji mzito. Sumu kali ya sabuni zilizotumika kwenye ajali ya meli ya mafuta Torrey Canyon huko Uingereza mwaka 1967 si kipimo cha dawa za leo, ingawa takriban lita milioni 7 zilizotumika mwaka 2010 Ghuba ya Meksiko bado zinabishaniwa. Karibu na matumbawe na kwenye maji yasiyofika kina cha mita 20, mimi nisingeikubali kabisa, na pwani ya Tanga mbele ya Hifadhi ya Silikanti (yule samaki wa kale) ina maeneo mengi ya namna hiyo.

MtuWaJeti

Ahsanteni. Swali la nyongeza: kuchoma juu ya maji, na vifyonzaji vya mkonge au sufi ambavyo vinapatikana hapahapa, vina nafasi gani?

Mkemia_wa_Pwani

Kuchoma kunataka mafuta mabichi yenye unene wa milimita 2 hadi 3 angalau, bumu la kuhimili moto, na upepo usiopeleka moshi mjini. Mwaka 2010 Wamarekani walichoma mara 411, na makadirio ya serikali yao yalionyesha kwamba kuchoma kuliondoa takriban asilimia 5 ya mafuta, ilhali skima zote zilizohamasishwa ziliondoa takriban asilimia 3. Kwa chombo kimoja nje ya Tanga nisingeanza na hilo.

Bi_Mikoko

Kuhusu vifyonzaji naomba niseme kwa ufupi. Meli MV Wakashio ilipopanda mwamba Morisi tarehe 25 Julai 2020 na baadaye kuvuja takriban tani 1,000, wananchi walishona mabumu kwa majani makavu ya miwa na chupa za plastiki, na yalisaidia. Yalisaidia kwa kuwa ilikuwa kwenye maji tulivu yaliyokingwa na mwamba. Ukimwaga sufi au nyuzi za mkonge bahari wazi, umeongeza taka zitakazozama au kuziba skima za wenzako. Viwekwe ufukweni na kwenye sitaha.

Ila msisahau vihori. Mwaka 2005 mafuta ya meli ya Ratna Shalini yaliingia kwenye mikoko ya Port Reitz, Mombasa, na mafuta yakishaingia kwenye mizizi hakuna mtambo wa kuyatoa bila kuumiza mti. Seti ya bahari wazi isiyo na bumu fupi la kufunga milango ya hori imeacha nusu ya kazi.

Tagi_Kilindini

Nakubaliana na Bi Mikoko, na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Fundi. Bumu la kasi ni mfuko mmoja. Likichanika kwenye gogo au nyavu iliyopotea, umebaki mikono mitupu mpaka lishonwe. Bumu la kawaida hukatwa kipande kibovu, vipande vizima vikaunganishwa, na kazi ikaendelea. Ningenunua zabuni ya pili, kisha kwenye ya kwanza nichukue mita 200 za bumu pekee, skima yake ibaki kwa muuzaji.

Fundi_Pampu

Sina ubishi na hilo. Ninaloongeza ni hifadhi, maana hapo ndipo kazi nyingi husimama. Skima ya kizingiti ikivuta mita za ujazo 100 kwa saa, asilimia 80 ikiwa maji, tangi la mita za ujazo 200 limejaa ndani ya saa mbili, na mafuta uliyookoa ni mita za ujazo 40. Kurudisha maji yaliyotengana baharini kunahitaji kibali cha mamlaka, kwa hiyo kiombwe wakati wa kuandika mpango, si siku ya tukio. Brashi huleta maji kidogo, lakini mzigo wenyewe ni nta: ndani ya tangi lisilo na mabomba ya mvuke itaganda na hutaitoa bandarini. Chagua pampu ya parafujo, inayosukuma mzigo kwa skrubu, si ile inayourusha kwa mapezi yanayozunguka kasi, na iwe na pete ya kuingiza maji ya moto kwenye mdomo wa mpira ili mzigo uteleze.

MtuWaJeti

Basi nitapendekeza zabuni ya pili pamoja na mita 200 za bumu la kawaida, pampu ya parafujo, na mabomba ya mvuke kwenye matangi mawili ya meli. Dawa nitaiandikia aya ya pekee, kwa ajili ya ghafi nyepesi na kina kirefu tu. Kuna jambo la kumbana muuzaji kabla ya kutia saini?

Fundi_Pampu

Mtake majaribio ya skima kwa mafuta mazito yaliyopoa, si kwa dizeli, na matokeo yaonyeshe mafuta na maji kila kimoja peke yake. Upimeni pia uzito wa rila ya bumu ikiwa imelowa, mlinganishe na uwezo wa winchi yenu. Halafu kagueni viunganishi vya mipira: vya skima na vya matangi ya meli viwe vya aina moja, au adapta zije ndani ya kasha lilelile na ziandikwe kwenye mkataba.