Pointi za CPD: niende semina ya Mombasa au nimalize na webina?

Mdogo_wa_Kilifi

Salaam wakuu. Nimeapishwa mwaka juzi na nina ofisi yangu mwenyewe hapa Kilifi, chumba kimoja karibu na mahakama. Kazi zangu ni ardhi, mirathi, na kesi ndogondogo za jinai za kunisogezea siku. Mwaka unaisha na pointi zangu za CPD, yale masomo ya kila mwaka ya kujiendeleza tunayotakiwa mawakili, bado hazijatimia.

Kuna semina ya siku mbili Mombasa, ya hotelini, kuhusu sheria ya umiliki wa fleti. Ada yake inakaribia kodi ya ofisi yangu ya mwezi, na hapo sijahesabu nauli na mahali pa kulala. Kwa upande mwingine kuna webina za bei rahisi: moja ya udhibiti wa fedha haramu, nyingine ya mikataba ya kimataifa ya mafuta. Mimi mafuta nayajua ya taa na ya nazi.

Wenzangu niliosoma nao wananiambia nisijisumbue: jiunge, zima kamera, endelea na kazi zako, pointi zitaingia. Sasa naomba ushauri. Kuna faida gani ya kupanda matatu hadi Mombasa na pointi ni zile zile? Na zikipungua, ni kweli leseni sipewi?

Wakili_Kizingo

Waalaikum salaam mwanangu. Nianze na la mwisho, ndilo lenye makali. Kanuni za mwaka 2014 zinataka pointi 5 kila mwaka, na leseni inakwenda na pointi. Leseni uliyo nayo inakufa tarehe 31 Desemba hata kama mwaka mzima umeshinda kesi zote. Bila nyingine, Sheria ya Mawakili inakuhesabu kuwa mtu asiye na sifa za uwakili, wewe na yule bwana wa chini ya mwarobaini anayewaandikia watu barua za chifu mko safu moja. Tena usidhani hakuna atakayejua. Jina lako liko kwenye tovuti ya LSK, chama chetu cha mawakili, na hali ya leseni yako mbele yake. Wakili wa upande wa pili hulitazama kabla hajasoma hata ukurasa wa kwanza wa madai yako.

Kwa hiyo pointi lazima. Sasa hiyo semina ya fleti, nenda.

Nakwambia hivyo kwa sababu uko Kilifi. Ghorofa zilizojaa Nyali zimeshavuka Mtwapa zinakuja kwako, na mnunuzi wa kwanza atakayekuja na mkataba wa fleti hatakuuliza kama uliwahi kuushika mwingine. Zamani mambo yalikuwa hivi: mwenye jengo alimpa mnunuzi mkataba wa kukodi wa miaka mingi, uliotegemea michoro ya msanifu majengo, na hisa moja kwenye kampuni ya kusimamia jengo. Sheria ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, ikaja na utaratibu mwingine. Sasa inatakiwa ramani ya mgawanyo wa jengo iliyopimwa na mpima ardhi mwenye leseni na kuoanishwa na mahali kiwanja kilipo hasa, kisha kila nyumba inatoka na hatimiliki yake.

Hayo utayasoma kwenye sheria yenyewe, huhitaji hoteli. Sikiliza la hotelini. Nilihudhuria semina ya namna hiyo, mwenye kufundisha hakuwa wakili, alikuwa mpima ardhi. Akatandaza ramani mezani, karatasi kubwa, akatuita tuizunguke. Akatugawia na mkataba wa mauzo wa nyumba moja kwenye jengo hilo, unaosema "pamoja na nafasi moja ya kuegesha gari". Akasema: nionyesheni hiyo nafasi. Tulikuwa mawakili chumba kizima, wengine na mvi zao. Vidole vikapita juu ya karatasi, ngazi ikaonekana, tangi la maji likaonekana, nafasi ya gari hakuna. Kwenye ramani ua wote ulikuwa mali ya pamoja. Akasema, basi mteja wenu amenunua maegesho ya maneno. Tangu siku ile mkataba wa fleti siufungui kabla ya ramani, na mteja akikataa kunitafutia ramani simchukui.

Jambo jingine ni chai ya saa nne. Ukimpata afisa wa usajili wa ardhi amesimama na kikombe chake, muulize hati zipi anazirudisha kila wiki na kwa nini. Jukwaani hasemi. Kwenye chai anasema.

Hiyo webina ya mafuta iache iende zake. Ile ya fedha haramu ichukue, na uwashe akili hata kama kamera umeizima. Marekebisho ya sheria yametuingiza mawakili kwenye kundi la wanaotakiwa kuripoti miamala ya kushuku, na inatuhusu hasa tunapomshughulikia mteja ununuzi au uuzaji wa ardhi. Februari 2024 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, wakaiweka Kenya kwenye orodha yao ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, basi mambo hayo hayakai tena kwenye karatasi tu. Na wewe uko Kilifi! Mgeni anakuja na pesa za shamba la ufukweni, anataka zipite kwenye akaunti yako ya wateja, haraka, kwa jina la shemeji yake. Ni lazima ujue unamuuliza nini, unaweka karatasi gani kwenye faili, na lini unamwambia samahani bwana, siwezi.

KameraImezimwa

Mzee Kizingo, kwa heshima zote, unasema hivyo kwa kuwa una ofisi mjini na wateja wa fleti. Hizi semina ni biashara. Mtoa mada anasoma slaidi neno kwa neno, saa sita watu wako kwenye foleni ya biriani, saa nane nusu yao wako ufukweni. Tunalipishwa ili turuhusiwe kufanya kazi tuliyosomea. Uingereza walishaachana na kuhesabu saa, tangu Novemba 2016. Zamani ilikuwa saa 16 kwa mwaka. Sasa solisita, wakili wa kule, anajipima mwenyewe anachopungukiwa, anajifundisha, na kila mwaka anathibitisha kuwa amefanya hivyo.

Wakili_Kizingo

Ya biriani sibishi, nimeyaona. Na wapo wanaotia sahihi asubuhi wakaonekana tena jioni kwenye picha ya pamoja. Lakini hiyo ya Uingereza niambie kitu kimoja, ndugu yangu: sisi tukiambiwa tujipime wenyewe, Desemba nani atakubali kuwa amepungukiwa? Mimi pointi 5 naziona chache. Tatizo langu ni kwamba pointi moja ya kulala na pointi moja ya kutoka jasho zina uzito sawa.

Dada_wa_Brooklyn_Park

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya sheria Minnesota, mambo ya uhamiaji zaidi. Hapa ni jimbo mojawapo kati ya mawili ya kwanza Marekani kulazimisha masomo haya, pamoja na Iowa, mwaka 1975. Sisi tunatakiwa saa 45 kwa kila miaka 3, na ndani yake zipo saa maalumu za maadili. Mtu angedhani miaka mitatu inatosha kujipanga. Wapi! Mwaka wa tatu ukifika utawaona watu wazima wanasikiliza mhadhara wa sheria za maziwa na uvuvi kwa sababu ndio uliobaki.

Mdogo, ninachofanya mimi Januari ni kutazama faili zilizonihangaisha mwaka uliopita na kutafuta kozi za mambo hayo kwanza. Ukisubiri mwisho wa mwaka utachukua zilizopo.

Mnunuzi_Nyali

Mimi si wakili, nimefika hapa nikitafuta habari za fleti, na huyo mzee amenitia kiwewe. Nimeshalipa amana. Wakili wangu nitajuaje kama ana leseni? Na kama hana, hati aliyoniandikia ni bure?

Wakili_Kizingo

Tulia kwanza. Leseni itazame kwenye tovuti ya LSK, andika jina lake utaona hali yake ya mwaka huu, ni bure. La pili lilipiganwa hadi Mahakama ya Juu, kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Mahakama za chini ziliifuta hati ya rehani kwa sababu wakili aliyeiandika hakuwa na leseni. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ikasema hapana, hati haifi kwa sababu hiyo peke yake, mwenye kuadhibiwa ni huyo wakili na si mteja wake. Kwa hiyo hati yako haifi kwa kosa lake. Ila mtu aliyeshindwa kuchukua leseni yake mwenyewe, mimi amana yangu nisingemwachia.

Na nenda ukaitazame hiyo ramani. Uliza nafasi yako ya gari iko wapi.

Mdogo_wa_Kilifi

Shukrani nyote, na mzee Allah akulipe kheri. Nimejiandikisha semina, na webina ya fedha haramu pia. Kabla ya kulipa nimehakikisha kuwa waandaaji wameidhinishwa na LSK, maana kuna tangazo jingine lilinijia kwa simu linaahidi pointi zote 5 kwa mchana mmoja.

Bado nina swali. Nina mkataba wa fleti uliokuja ofisini wiki hii, jengo liko Mtwapa. Naruhusiwa kwenda nao semina nimuulize mpima ardhi?

Wakili_Kizingo

Nenda nao, lakini funika jina la mteja, bei na namba ya kiwanja. Yale ni siri zake. Piga kopi, pitisha kalamu nyeusi, kisha piga kopi ya hiyo kopi, maana wino ukielekezwa kwenye taa maandishi yanasomeka. Muulize mpima ardhi asubuhi kabla hajaanza, baada ya chakula hutampata.

KameraImezimwa

Semina hiyo ni ya tarehe ngapi? Nami niko Watamu, nina gari, naweza kumpitia Mdogo. Nauli ya matatu anunue biriani.