Skana inasoma -40, feni haizimi: ni sensa ya joto la maji au waya?

Swali
Habari wakuu. Injini ni ya petroli, cc 1500. Asubuhi inasumbua kuwaka, ikishapata moto inakwenda vizuri. Feni ya rejeta inaanza kuzunguka mara tu swichi inapofunguliwa. Skana inatoa P0118 (msimbo wa hitilafu ya saketi ya sensa ya joto la maji) na joto la maji linasoma -40. Nimeshauriwa ninunue sensa. Nihakikishe vipi kabla ya kutoa hela?

Jibu la 1
Usinunue bado. -40 maana yake kontroloboksi (kompyuta ya injini) haioni sensa kabisa: saketi imekatika mahali. Ikiona hivyo huachana na sensa, hukadiria joto lake yenyewe, mara nyingi karibu nyuzi 80, na kuwasha feni kwa usalama. Ndiyo maana asubuhi inabania mafuta: inadhani injini ni ya moto.

Chomoa soketi ya sensa, kisha unganisha matundu yake mawili (upande wa waya, si wa sensa) kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imefunguliwa. Skana ikiruka hadi 120 au zaidi, waya na kontroloboksi ni vizima. Ubovu uko kwenye sensa au pini zimelegea. Ikibaki -40, waya umekatika au kontroloboksi ni mbovu. Hapo toa kipande hicho upime volti: kati ya tundu la ishara na hasi ya betri utafute karibu volti 5. Zipo? Basi kilichokatika ni waya wa athi (hasi).

Angalizo: baadhi ya injini zina sensa nyingine ya waya mmoja kwa ajili ya geji ya joto ya dashibodi tu. Unayoitaka wewe ni ya waya mbili.

Jibu la 2
Ongeza kipimo cha omu (ukinzani wa umeme). Sensa nyingi za Kijapani husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Ichovye ncha tu kwenye maji, uyapashe polepole huku ukisoma maltimita. Namba ishuke bila kurukaruka. Ikiruka au ikisoma wazi (OL, yaani umeme haupiti), imekufa.

Jibu la 3
Kuna ubovu mbaya kuliko huo: sensa inayodanganya bila kuwasha taa ya injini. Inasema injini ni ya baridi wakati imeshachemka, mafuta yanamwagwa, moshi mweusi, plagi zinajaa masizi. Gari likilala usiku kucha, kabla ya kuwasha linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanapaswa kukaribiana sana. Tofauti ya nyuzi 10 ni ya kutilia shaka. Ila ikisoma sawa hapo, halafu barabarani haivuki 60 na kwenye foleni inapanda, shuku thamostati (valvu inayoruhusu maji kwenda rejeta injini ikipata moto), usiilaumu sensa.

Muulizaji
Nimeunganisha, imeruka hadi 140. Soketi haina kutu, pini zinabana. Sensa yenyewe inasoma wazi.

Jibu la 1
Basi ni sensa. Subiri injini ipoe kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, andaa sensa mpya mkononi ili maji yamwagike kidogo. Weka oringi au washa mpya, kaza kiasi (nyingi ni karibu Nm 20; nyumba ya plastiki hupasuka kirahisi). Jaza kulanti (maji ya rejeta), toa hewa, kwa sababu sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji itasoma uongo tena. Futa P0118, ukague kiwango cha kulanti injini ikishapoa.