Re: Kinshasa – nimefika salama, nipo Dodoma

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Maswali yamekuwa mengi (vita, lugha, pesa, chanjo) tangu niliposema napitia Kinshasa kabla ya kuja nyumbani kutoka Antwerp, basi najibu kwa mkupuo. Nipo Nkuhungu, mzima wa afya, ingawa shangazi bado ananikagua kama majeruhi.

Vita vya mashariki mwa Kongo kwanza, maana ndivyo vilivyonizuia miaka yote hiyo. Fungueni ramani. Goma, mji wa mashariki uliotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, ukipiga mstari ulionyooka iko kama kilomita 900 kutoka Dodoma. Kutoka Kinshasa ni zaidi ya 1,500. Yaani shangazi aliyekuwa akinililia kwenye simu alikuwa karibu na Goma kuliko mimi! Lakini sisemi Kinshasa ni shwari kama Kongwa kwetu. Mwezi huohuo waandamanaji walivamia balozi kadhaa pale mjini, za Kenya na Uganda zikiwemo. Ukisikia mashariki kumechafuka, ahirisha. Kama umeshafika, tulia ndani.

Kiswahili nacho msikitegemee. Tumezoea Wakongo wa Kigoma na Lubumbashi tukadhani nchi nzima ni hivyo. Kinshasa ni Lingala na Kifaransa, na wenye umri wanakumbuka kuwa wapiganaji walioingia na Kabila mkubwa, Laurent, Mei 1997 kumwondoa Mobutu wengi waliongea Kiswahili, kwa hiyo wengine wakikisikia wanashtuka. Nilipopokea simu ya nyumbani ndani ya teksi, dereva alinitazama kwenye kioo, kimya, kisha akauliza natokea wapi. Tanzania. Uso ukakunjuka, akaanza kunihadithia habari za Mayele, mshambuliaji wao aliyechezea Yanga, mpaka nikapitiliza nilikokuwa nashukia.

Dola ndiyo inayotembea, chenji unapewa faranga. Ila wanazikagua! Mama mmoja muuza vitenge aliinua noti yangu juani, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akanirudishia: pembeni palikuwa na mchaniko ambao mimi sikuuona hata nilipoonyeshwa. Bebeni noti mpya, safi, na za dola moja moja ziacheni.

Kadi ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo upate angalau siku 10 kabla, na moja inatosha maisha. Wataitaka Kongo, na ukitoka huko wataitaka tena ukiingia Tanzania. Kuhusu viza, ulizeni mapema ubalozini kama pasipoti yenu inaihitaji.

Nilichokifuata hasa ni mtaa wa Matonge na uwanja wa Tata Raphaël, pale bondia Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman raundi ya 8, Oktoba 30, 1974. Mzee wangu alikuwa hachoki kulisimulia pambano lile, akichomekea na bendi ya Maquis, na mwanamuziki Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu, Kongo. Uwanja umechakaa. Sikujali.

—

Kaka, pole na safari. Nami nataka kupitia Kinshasa nikitoka Oslo, nitakuwa peke yangu. Bodaboda zipo? Na nile nini, tumbo langu mnalijua.

—

Dada, zipo, wanaziita wewa, lakini wewe tumia gari la mtu unayemjua au la hoteli, hasa usiku. Tafuta mwenyeji kabla hujakata tiketi. Bila mwenyeji mimi nisingeenda. Picha ni balaa: usipige uwanja wa ndege, wala askari, wala mto. Ng'ambo ya pili ni Brazzaville, mji mkuu wa ile Kongo nyingine, kwa hiyo hapo ni mpakani, na simu yako itageuka kesi ya kumalizwa kwa mazungumzo marefu.

Chakula usihofu. Pondu ni kisamvu chetu kabisa. Omba liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani akawekwa jikoni, na aletwe mbele yako akiwa bado anafuka moshi. Pilipili wanaitoa pembeni, ionje kwa ncha ya kidole kwanza.

Narudi Antwerp mwisho wa mwezi. Anayetaka ubuyu aseme sasa, begi lina kilo zake.