Mtoto wa mbwa ametafuna kiti cha mninga cha marehemu baba, nimzuie vipi?

Mwenyeji wa Shangani

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, naomba msaada kwa anayewajua mbwa kweli kweli. Nina mtoto wa mbwa dume, ana miezi minne na siku kadhaa, nilimchukua Naliendele akiwa na wiki nane, koko wa kawaida tu ila ana akili na nyumba nzima tunampenda. Sasa kama wiki tatu hivi kila cha mbao ni chake. Alianza na stuli ya jikoni, akaja kwenye mbuzi ya nazi ya mke wangu, kaitafuna pale pa kukalia mpaka pamekuwa kama msumeno, na juzi watoto waliacha mlango wa nyuma wazi akaingia sebuleni.

Narudi kazini nakuta mguu wa mbele wa kiti umeliwa, vanishi imetoka kimo cha kiganja, chini kuna unga mwekundu wa mbao umelowa mate. Viti hivyo vinne marehemu baba alivitengenezesha Masasi mwaka 1996 kwa hela ya korosho, na hicho alichokula ndo kile alichokuwa anakaa mzee mwenyewe. Mama akija kutoka Newala hakai pengine, ni hapo hapo. Na anakuja mwisho wa mwezi.

Nimemchapa na kandambili, anajikunyata chini ya meza anatetemeka, kesho yake anarudia vile vile. Mchana tunamfungia kibaraza cha nyuma toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, usiku anafunguliwa uani. Anakula ugali na dagaa asubuhi na jioni. Jirani kaniambia nipake mafuta ya maganda ya korosho kwenye miguu ya viti, akionja mara moja basi. Mwingine kasema nimpe muhogo mbichi atafune hamu imwishe. Kuna aliyejaribu haya?

Mbanguaji

Kaka yangu USIPAKE hayo mafuta, nakuomba sana. Mimi nimebangua korosho kwa mkono miaka sita, nayajua. Ukigusa bila kujipaka majivu au mafuta ya kula vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inababuka na kuchunika, na hapo ni mkono wa mtu mzima uliozoea. Sasa weka kwenye ulimi wa mtoto wa mbwa. Afu hao watoto wako wanaegemea hivyo viti na wanasoma chini hapo sebuleni, mafuta hayo hayachagui. Huyo jirani anakutakia mema lakini hajawahi kulala na mikono inawaka.

Na hiyo mbuzi ya nazi itundikeni ukutani, ina harufu ya nazi kila siku, hata mbwa mkubwa angeilamba.

Mstaafu wa Mifugo

Mwanangu, nimefanya kazi ya mifugo vijijini huku kusini muda mrefu, nisikilize taratibu. Huyo mbwa hana ukaidi, anaota meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, yanaanza kudondoka kwenye miezi mitatu minne hivi, na mpaka afike miezi saba anakuwa na 42 ya ukubwani. Mfungue mdomo leo utaona ufizi umevimba na pengine una damu damu. Unamuwasha na kumuuma, kutafuna ndo kunampa nafuu, na mninga ni mbao nzuri ya kutafuna kama ilivyo nzuri ya kukalia.

Kumchapa jioni kwa kosa la saa nne asubuhi hakumfundishi kitu, yeye anajua tu kwamba wewe ukirudi anaumia. Ukimkuta anatafuna sema "hapana" kwa sauti ya kawaida, mtoe, hapo hapo mpe chake cha kutafuna, akikipokea msifie. Hapo kwenye kumpa chake ndo wengi tunaruka, tunakataza bila kubadilisha.

Cha kumpa: chukua kipande cha khanga kuukuu ya pamba, kiloweshe, kisokote ufunge mafundo, weka kwenye friza kigande. Baridi inatuliza ufizi. Karoti ya kwenye friji pia sawa. Mfupa mkubwa mbichi wa goti la ng'ombe mpe ukiwa umekaa naye, ukianza kupungua uchukue. Usimpe mfupa wa kuku uliopikwa, unapasuka vichomo. Gunzi la mahindi usimpe, akimeza linakwama kwenye utumbo. Na muhogo mbichi achana nao kabisa, una sumu ya sianidi, hasa ile michungu, ndo maana sisi wenyewe tunaukausha na kuupika kwanza. Na usimpe kandambili ya zamani achezee, hajui ya zamani na mpya, atakula zote.

Jingine ni hayo masaa tisa. Ni mengi mno kwa mtoto wa miezi minne, hawezi hata kubana mkojo muda huo wote. Mtu arudi mchana amtoe na ampe chakula, umri huo ale mara tatu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa amepata? Kuanzia miezi mitatu anachanjwa, nenda ofisi ya mifugo uulize, una watoto nyumbani na hayo meno yanagusa mikono yao.

Mdau wa Lindi

Mzee hapo juu kamaliza, mimi naongezea ya kwangu niko Lindi. Pilipili nilijaribu, mbwa alijifuta na mguu akaipeleka hadi machoni, alilia usiku kucha na mimi nikajilaumu sana. Mwarobaini ndo ulinisaidia, unachemsha majani mpaka maji yawe kijani kizito, ukipoa unapaka kwenye mguu wa meza. Hayaumizi ni machungu tu. Lakini ukipaka leo keshokutwa harufu imeisha inabidi urudie, na ukipaka bila kumpa kitu kingine anahamia mlangoni.

Ninachotaka ukiangalie sana ni makochi ya sponji. Mbwa wangu wa kwanza alitoboa kochi akameza sponji nikacheka tu nikashona. Siku ya pili anatapika, ya tatu hataki chakula, hanyi, tumbo gumu. Nikasema ngoja kesho. Kesho yenyewe nilichelewa. Akimeza sponji au kitambaa ukaona hizo dalili usingoje, mwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hata hicho kitambaa cha mafundo kikianza kutoka nyuzi kitupe.

Mwenyeji wa Shangani

Wakuu, zimepita wiki mbili na nusu nimerudi. Kandambili nimeacha siku ile ile niliyosoma, na niseme ukweli iliniuma. Nilimfungua mdomo kweli ufizi mwekundu, na Jumamosi mke wangu akifagia mkeka akaokota jino, dogo kama punje ya mchele. Vile vitambaa tuna vitatu vinapokezana kwenye friza, umeme ukikatika nakilowesha maji ya mtungi na bado anakipenda. Mchana dada anamtoa, na alfajiri mimi naenda naye ufukweni maji yakikupwa anakimbiza kaa nusu saa, akirudi analala mpaka saa nne. Chanjo tayari.

Kibarazani kuna benchi la zamani bado analigusa, ila sebuleni toka siku ile hajagusa maana mlango tumeweka komeo juu watoto wasiache wazi. Fundi seremala kaupiga msasa mguu, alitaka kuujaza na kuupaka vanishi mpya, mama kafika jana akakataa, kasema uachwe hivyo hivyo. Nimeacha. Swali langu la mwisho, meno yakiisha kuota naweza kumruhusu ndani?

Mstaafu wa Mifugo

Bado. Wengi wanaendelea kutafuna mpaka wakaribie mwaka, kwa mazoea na kwa kukosa kazi. Akifika miezi saba muingize mkiwepo tu, nusu saa nusu saa, kitambaa chake kikiwa karibu. Na hilo benchi la kibarazani lipake mwarobaini leo, usiliache liwe la kwake.