Kikundi cha avenue yetu, Bukavu: frigo ya Mama Neema

[07:12] Mama Neema: Jambo bajirani, mulilala aje? Naomba munisaidie. Frigo yangu inatumika usiku na mchana haizimike hata kidogo, nyuma inachoma kabisa, lakini ndani mayi haigande na samaki sambaza nilinunua juzi zimeanza kunuka. Niliweka na maji ya maracuja ya kuuzisha, yote imekuwa vuguvugu 😢

[07:15] Mama Chantal: Pole mama. Hiyo ni gazi imeisha. Yangu inafanyaka vile vile, wanaongeza gazi inapona

[07:16] Mama Neema: Njo vile na fundi wa jana alisema. Alifungua mulango, akashika ndani, akaomba dola 35

[07:24] Papa Amani: Mama Neema usitoe hiyo feza. Uniambie kwanza, frigo iko wapi? Na nyuma kuko nini?

[07:26] Mama Neema: Tangu siku ya mahari ya Neema tuliisogeza mu kipembe, ukuta huku kabati kule. Nyuma nilitundika rido (pazia) juu ile grile nyeusi ni mbaya mbele ya wageni, kiisha tukabakisha vile

[07:33] Papa Amani: Basi ni hiyo rido mama. Sikia, frigo haitengenezake baridi. Baridi si kitu unaweza kuingiza mule ndani. Inachofanya ni kutoa moto, inatoa moto mu sambaza, mu maracuja, mu ile hewa inaingia kila mtoto akifungua mulango, inaenda kuimwaga nyuma kwa ile grile. Ule moto unausikia kwa mukono njo ule ulikuwa ndani, pamoja na wa moteri yenyewe. Sasa wewe umeivalisha koti na ukuta umeibana, moto utaenda wapi?

[07:35] Papa Amani: Na kama gazi ingekuwa imeisha, grile ingebakia baridi ao kavuguvugu tu. Yako inachoma, maana gazi iko na inabeba moto. Huyo fundi angeshika nyuma hata mara moja angejua

[07:41] Junior: Papa Amani samahani, mwalimu wa fizike alitufundisha moto unatoka penye moto unaenda penye baridi, haurudie nyuma. Sasa unatoka aje mu sambaza ya baridi unakuja ku jikoni kwenye kuko joto?

[07:52] Papa Amani: Junior umeuliza vizuri sana, na mwalimu hakukosea. Angalia Ruzizi, inatoka Kivu inatelemuka yenyewe mpaka Tanganyika, hakuna mwenye anaisukuma. Lakini ukitaka mayi ya ziwa ipande Kadutu kule juu lazima pompe. Frigo njo pompe ya moto, njo maana inakula kuran. Na ujanja wake uko hivi, ile gazi wanaifanya iwe baridi kupita sambaza ikiwa ndani, na iwe moto kupita jikoni ikiwa nje, kwa hiyo pande zote mbili moto unatelemuka tu vile mwalimu alisema

[07:58] Junior: Wanaibadilisha aje sasa?

[08:10] Papa Amani: Kwa kuikamua na kuiachilia. Ukipompa mupira ya kinga, pompe inapataka moto pale chini, si ndiyo? Moteri inakamua gazi vile, inatoka na moto mukali, inapita mu grile, inapoa mpaka inageuka mayi. Kiisha inapita mu kamushipa kembamba sana ka shaba, upande wa pili hakuna tena kitu cha kuibana, basi inachemka. Inachemka kwa baridi! Frigo mingi za siku hizi ukisoma kwa moteri utaona R600a, njo jina ya gazi yenyewe, ile ikiwa haibanwe inachemkaka kwa digri 12 chini ya ziro. Na kitu kikichemka kinakunywa moto wa kando yake. Unakumbuka infirmière akikupaka alkoli mbele ya sindano, ngozi inasikia baridi? Inakauka inaenda na moto wako. Kiisha ile gazi inarudi ku moteri, inaanza tena. Ni mviringo umefungwa, haiishake kama mafuta ya moto-pikipiki

[08:13] Mama Chantal: Sasa mbona mimi wameniongezea mara tatu mwaka huu??

[08:15] Papa Amani: Kuko tundu mama. Kuna mwenye alikwangua barafu na kisu?

[08:19] Mama Chantal: Mutoto wangu mukubwa, mbele ya Noeli. Ee Mungu. Dola zote zile nilikuwa namwaga mu tundu

[08:21] Papa Amani: Usikubali tena waongeze bila kutafuta tundu na kuliziba. Na usiwashe moto karibu, R600a inashikaka moto. Barafu ikijaa, zima frigo, acha mulango wazi iyeyuke yenyewe

[08:30] Mama Neema: Nimetoa rido. Vumbi iko nyuma pale ni ya kutisha. Nisogeze kiasi gani?

[08:32] Papa Amani: Chomoa kwanza, pangusa na brosi polepole, kiisha uache nafasi ya kiganja na vidole. Ukichomeka ngoja dakika tano, hata kuran ikikatika na kurudi haraka ngoja vile vile, juu moteri haiwezi kuanza kama gazi ingali imebanwa upande mumoja. Usiingize chungu ya moto. Na zile sambaza zenye kunuka usizirudishe ndani mama, tupa

[08:34] Mama Neema: Inaniuma lakini natupa

[17:47] Mama Neema: Papa Amani mayi imeshika barafu pembeni! Na moteri imezima yenyewe, nilidhani kuran imekatika nikakimbia kuangalia lampe, kumbe inawaka. Tangu mahari sijasikia hii nyumba imenyamaza hivi

[17:50] Junior: Maracuja kesho ni ngapi?

[17:51] Mama Neema: Bei ile ile mutoto wangu, uje saa sita itakuwa baridi